Maoni ya Waliokwama Zuhali

Mchezo niliutengeneza usiku, miaka miwili,
kwenye kompyuta ya mtumba isiyoandika H
mpaka uibonyeze kwa ncha ya bisibisi.
Mchana natengeneza simu, Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani.
Bati ni roboti, mchukuzi wa mizigo;
kapoteza kifurushi kwenye pete za Zuhali,
na karani wa forodha, mwenye macho matatu,
anamwambia kila akifika: njoo mwakani.
Mwaka wa Zuhali ni miaka ishirini na tisa ya kwetu.
Hapo nilitaka watu wacheke.

Nikautia kwenye flashi, flashi ikapita mikono.
Ikarudi na maneno.

Watoto wa Kibwana walitaka bunduki.
"Sasa huyu Bati anapigana na nani?"
Anapigana na fomu, nikawaambia. Wakanionea huruma.

Mwalimu Nyange wa fizikia kaandika ukurasa mzima, kalamu nyekundu:
chai haiwezi kumwagika chini, huko hakuna chini.
Mwisho kanipa sabini na moja kwa mia,
na pembeni: "Mlango wa tatu ni uonevu."

Wote wamekwama mlango wa tatu.
Wameupaka mafuta, wameuonyesha vibali,
wameuimbia, wameutukana
(nilijua watautukana, nikauwekea majibu kumi na manne,
mengine ya Makorora kabisa).
Sekiete, fundi redio wa jirani, hakusema kitu.
Alinisukumia karatasi juu ya kioo cha kaunta:

    Nimecheza siku tano, mlango haufunguki,
    Nimeumwa na mikono, na macho hayafumbiki,
    Kwa kusaga yangu meno, kinywa changu hakicheki,
    Fundi, kama una neno, sema, nisije hamaki.

Vina vimetimia. Mizani nimeihesabu kwa vidole, imetimia.
Kilichopungua ni subira.

Shemhilu, aliyekata mkonge miaka thelathini,
alimtazama yule karani, hakucheka.
"Huyu namjua," alisema. "Dirisha la nne.
Ila wa kwangu ana macho mawili."
Akaomba nimrudishe mwanzo, acheze tena palepale.
Hakutaka mlango wala kifurushi.
Alimgongea karani dirisha mpaka umeme ukakatika.

Mwanjaa mshonaji ndiye aliyepita.
Hakuja kujisifu; alileta simu iliyoingia maji,
nami nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.
"Ule mlango? Nilipiga hodi tatu, kimya.
Basi nikamgeuza Bati aende zake.
Hodi tatu bila jibu, utafanya nini tena, uvunje?
Ukaita wenyewe: karibu jamani, mbona waondoka?"
Simu nilimtengenezea bure.
Sekiete mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu.

Dada yangu Mwanakombo hana habari na michezo.
Alitoka zamu ya usiku Bombo, miguu imevimba,
akaketi kunisubiri, mkono ukaangukia kipanya.
Kesho yake namuuliza: ulifika wapi?
"Chumba cha kwanza. Nilimkalisha karibu na birika.
Alionekana kachoka."
Halafu, akijifunga kanga:
"Ila birika lenyewe halichemki."

Birika lile ni pambo. Nililichora dakika tano
nikilitazama la mama pale jikoni, lenye mpini wa waya.
Halifungui kitu, halimo katika fumbo lolote,
na katika wote walioniletea maneno
hakuna aliyewahi kulitaja.

Usiku ule niliwasha kompyuta, nikashika bisibisi,
nikaliandikia birika: chemka.
Mlango sikuugusa.