Kura Tatu

Nimepima mahindi ya Kibaigwa miaka kumi na tisa.
Gunia lenye mchanga nalijua kwa namna linavyokaa,
lumbesa naijua kabla haijashuka begani kwa mpagazi,
na mtu akiniambia "kilo mia"
natazama mshale, simtazami yeye.
Kwa hiyo hesabu msinifundishe.

Mwezi wa saba nilichukua fomu.
Koti la bluu nikaazima kwa Mwalimu Sechelela,
mikono mirefu, nikaikunja kwa ndani nikaipiga pasi.
Mpiga picha akasema, "Mama, usicheke, hii ya udiwani."
Nikanuna.
Picha ikatoka kama ya mtu anayedaiwa.

Nikawazungukia wajumbe nyumba kwa nyumba,
upepo wa kipupwe ukinitangulia kusukuma milango.
"Mbukwenyi!"
"Mbukwa! Karibu, mheshimiwa."
Mheshimiwa! Mimi, mwenye pumba kwenye nyusi.
Siku moja nilikula ugali wa uwele na mlenda mara nne,
maana kukataa tonge ni kukataa kura,
na kila aliyeninawisha alinishika kwa mikono miwili:
"Sisi na wewe, wewe na sisi. Kalale usingizi."

Sikuahidi lami. Sikuahidi hospitali.
Niliahidi choo cha soko kipate mlango,
na gunia likijaa lishonwe mdomo, basi,
lisivishwe kilemba kama bibi harusi.
Wakulima wakapiga makofi.
Madalali nao wakapiga makofi.
Hapo ndipo ningeshtuka:
mizani inayomridhisha muuzaji na mnunuzi kwa pamoja
hiyo imeharibika.

Walikaa darasa la sita, kwenye madawati ya watoto,
magoti yakitafuta videvu.
Ubaoni kulikuwa na somo la jana, sehemu na asilimia;
katibu akafuta nusu, akaandika majina yetu,
chaki ikaanza kusema.
Chibago. Chibago. Mbeho. Chibago. Chibago.
Vijiti vinne na mshazari, vijiti vinne na mshazari,
kama ua wa zizi
la ng'ombe wa mtu mwingine.
Kwangu vikasimama vitatu,
mafiga yasiyo na chungu.

Wajumbe mia moja arobaini na wawili.
Kura tatu.
Moja niliitumbukiza mwenyewe, naijua kama jino langu.
Mbili za nani?

Kesho yake Mzee Ndahani akaja mizanini, akanong'ona:
"Mmoja wa wale wawili ni mimi."
Mchana Mama Wendo, na machozi juu:
"Mimi na mume wangu, wallahi."
Jioni kinyozi, ambaye hata mjumbe si yeye.
Kufikia Jumapili wale wawili walikuwa thelathini na mmoja.
Chibago mwenyewe alisimamisha lori, akashusha kioo:
"Dada, yangu nilikupa wewe. Nilijua nashinda tu."
Na huyo, Mungu anisamehe,
ndiye peke yake niliyemwamini.

Yohana, baba watoto, ni mjumbe wa shina letu.
Tangu siku ile anakula akitazama bakuli.
Sijamwuliza.
Kuna gunia mtu hulipandishi mizanini
kwa sababu ukishaujua uzito wake
huna pa kulirudisha.

Jumatatu nikafungua banda.
Gunia la tatu lilikuwa la Chibago, kilemba hadi mawinguni.
Mshale ukapita mia, ukapita mia na ishirini,
ukatetemeka, ukatulia.
"Andika mia," kijana wake akasema.
Nikasoma kwa sauti ya kampeni, ile niliyoibakiza:
"Mia moja thelathini na tano!"
Nikaandika nilichokiona.

Nyuma kwenye foleni mtu akakohoa.
Mwingine akacheka, kidogo, puani.
Sikugeuka.
Nikamwambia mpagazi alete jingine.