Zamu ya Maji

Tulimwita Bisi
kwa kuwa mchana wa kwanza, nyayo hazijauzoea mchanga wa Ibra,
aliruka uani kama punje kikaangoni,
na mwanangu Azzan akacheka mpaka akakaa chini.

Miezi minane tu. Masikio marefu ya kisaluki,
mbavu za kuhesabika hata akishiba.

Mama, mzaliwa wa Wete, hakumtaka.
"Malaika hawaingii," alisema, akachora mpaka
kwa ncha ya bakora, toka mlango wa jiko hadi birikani.
Bisi akaujua mpaka. Alilala juu yake,
pua upande wetu, mkia upande wake.
Kiarabu cha watoto wa mtaani alikipuuza;
ukimwambia "Toka, balaa we!" kwa Kipemba,
hapo ndipo mkia ulipocheza.
Na ganda la mkate likimponyoka Mama mkononi
(lilimponyoka kila jioni, saa ile ile)
hakuna aliyeuliza.

Alhamisi alikula.
Ijumaa alikunywa maji, akayatazama, akayaacha.
Jumamosi nilimpakia garini, kilo kumi na nne,
mkono mmoja kwenye usukani,
mwingine ubavuni mwake, nikihesabu pumzi.
Tulipopita Bidbid hesabu ilinipotea.
Nikaanza tena na moja.

Daktari Sreekumar alimshika taratibu,
kama mtu aliyewahi kufuga.
Si nyoka, alisema. Sumu? Sidhani.
Ule wa watoto wa mbwa, chanjo yake anayo.
Damu haisemi kitu.
Magharibi ilipoadhiniwa alikuwa amekwisha.
"Tukimpasua, huenda tukajua."
Huenda.
Nikamwambia amwache hivyo hivyo.
Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa huruma
au niliogopa kuambiwa ni mimi:
lango nililosahau, dawa ya mitende niliyonyunyiza Jumanne,
kokwa, mfupa, jua.

Sababu nimeletewa nyingi.
Shemeji anasema husuda, mbwa alizidi uzuri.
Mlinzi wa shule anasema joto.
Azzan hakusema. Aliuliza tu
kama ugonjwa usio na jina unaweza kurudi
kumchukua mwingine humu ndani.
Nikajibu hapana.
Nilijibu haraka mno.

Tulimzika nyuma ya mtende wa khalasi, mbali na mfereji,
Azzan akishika tochi, akinimulika usoni badala ya shimoni.

Likabaki bakuli.
Lilikuwa la jikoni, Mama alikwisha kulitaliki.
"Lioshe mara saba, ya kwanza kwa udongo,
lirudi kabatini."
Mkono wangu ukaenda wenyewe penye udongo laini,
ule uliochimbwa jana.
Nikasugua, nikasuuza. Nilipofika la tano, au la nne,
nikaanza upya.
Mama akaja, akalipokonya,
akachungulia ndani yake kama anayechungulia kisima.
"Liache nje," akasema. "Kuna paka."

Kwetu hakuna paka.

Usiku wa Jumatatu ilikuwa zamu yetu ya falaji, saa nane.
Bisi aliyasikia maji kabla hayajafika,
yangali bustani ya tatu kutoka kwetu;
hubweka mara moja tu,
mimi huamka, huchukua jembe, hufungua njia.
Sikuamka.
Alfajiri nilikuta zamu imepita,
maji yote yamekwenda zake kwa jirani
na mitende yetu imesimama pakavu.

Saa mbili asubuhi Muhanna alipiga simu kunishukuru.
Alidhani nimempa.
Aliniombea baraka, kwangu na kwa wanangu,
na kwa mali yangu yote, hai na isiyo hai.
Sikumsahihisha.