Herufi Moja

Simu ilikuwa ikikatikakatika, mvua ikipiga bati huko Kayole,
na Mghoi, binti wa kaka yangu, akasema upesi
kama anayekimbizana na salio:
"Shangazi, Krismasi niletee vipuli."

Vipuli!
Huyu aliyefungua pasi yangu kabla haijapoa,
aliyeichambua saa ya ukutani kama samaki, hadi miiba,
kisha akairudisha ikienda kinyumenyume,
huyu ambaye mifuko yake ya sare
huchakaa kwa misumari?
Nikasema, haya. Miaka kumi na minne si mchezo.

Mimi kazi yangu ni Posta. Napanga barua,
miaka kumi na tisa mbele ya visanduku vya mbao,
na ninajua, herufi moja ikiteleza,
mzigo wa Voi hulala Vihiga
mpaka chapati zilizomo ziote ndevu.
Najua. Lakini masikio yangu hayajawahi kuajiriwa.

Nikavinunua Jumamosi, Mtaa wa Biashara:
jozi ya shaba, vya duara,
vyepesi hata stempu ingevizidi uzito.
Mia tatu na hamsini, baada ya ubishi.

Luthuli nilipitia tu, kutafuta chaja.
Desemba, na kila duka lina kwaya yake,
spika zinagombana barabarani kama mawifi.
Mzee mmoja ananunuliwa saa ya kuhesabu hatua
na wanawe, naye hatoki kitini.
Bwana na bibi wanaigeuzageuza droni
kama wanunuao mbuzi, wakiichungulia tumbo.
Kijana anauliza, hii simu ina akili?
Muuzaji anamjibu, kukuzidi.

Nasteha ndiye aliyenipa chaja,
huku akizungusha waya kiwikoni.
"Na zawadi? Hununui zawadi?"
"Nimeshanunua," nikasema, nikamwonyesha vipuli,
nikamweleza habari za pasi, na saa,
na kengele ya jirani iliyoanza kulia
kila friji yetu ikiwaka.
Akaviangalia. Akaniangalia.
"Shangazi. Mtoto huyo
alisema kwa L, au kwa R?"

Wallahi, Luthuli nzima ilinyamaza.
Au ni mimi.

Akanishushia kopo la maziwa ya unga, limejaa:
mota za kaseti, swichi, vispika vya ukubwa wa shilingi,
transista za miguu mitatu kama vigoda vya mchwa.
Juu yake akaweka redio.
"Hii ilikufa maji. Haina dhamana."
"Nimpe mtoto maiti, siku ya Krismasi?"
"Ukimpa nzima, umempa siku moja.
Ukimpa hii, umempa likizo yote."
Nikalipa. Kwa kuona haya, sikupunguziwa hata kumi.

Siku yenyewe kaka aliinua redio, maji yakadondoka.
"Dada, umemletea mwanangu takataka?"
Mghoi hakumsikia. Alishaingia chini ya meza,
tochi kaiuma kwa meno,
pilau lake likiganda mafuta juu ya kiti.
Alikuwa amevaa kipuli kimoja,
kwa adabu, nadhani, ili nisiumie.

Saa nne usiku nikainama kumtazama.
Ndani ya kijumba cha betri, pale kutu ilipokula bati,
alikuwa amekunja kile kipuli cha pili
kikaziba pengo, shaba kwa shaba.
Redio ikakohoa.
Sauti ya mtu ikasema nusu ya bei ya nyanya,
ikazama.
Nikafungua mdomo. "Labda hapo kwenye..."
"Usiniambie, Shangazi. Tafadhali usiniambie."

Basi nimenyamaza, nimekaa sakafuni, namtazama:
sikio moja lina kipuli,
la pili limelazwa juu ya redio,
linasikiliza.