Kiasi cha Vidole Viwili

Mvua ya Bolton hainyeshi, inakaa,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nipo nyuma ya kaunta ya dawa, Barabara ya Deane,
nahesabu vidonge vitano vitano kwa kijiko bapa.
Anaingia mzee, koti limelowa mabegani,
anasogeza miwani, anasoma kibandiko kifuani mwangu.
"Saumu," anasema. "Na kitunguu kiko wapi?"

Miaka tisa nimelivaa jina hili Uingereza,
hakuna aliyewahi kulitania kwa haki.
Nikacheka hadi foleni ikakohoa.

Bwana Vrajlal Sodha, miaka themanini na mitatu.
Duka lake lilikuwa Tabora, karibu na stesheni;
Kiswahili chake bado kinapima kwa ratili,
bado kinarudisha chenji ya thumuni.
Amefuata dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi.
Kisha akatoa mfukoni chupa ya pili:
manjano, vidonge sitini, pauni kumi na nne.
"Hii niliiuza kwa gunia," akasema,
"leo nainunua kwa punje."
Akapandisha mkono wa koti.
Mabaka ya zambarau, kiganja hadi kiwiko,
kana kwamba mtu alimshika kwa nguvu,
na hakuna aliyemshika.

Nikamwambia, kwanza kwa sauti ya kazini:
dawa mbili zikivuta kamba upande mmoja
anayeanguka ni wewe.
Ya chupa acha leo, daktari nitampigia mimi.
Ya chunguni, kiasi cha vidole viwili, haina ugomvi.
Hapo sauti ya kazini ikaniponyoka,
nikajikuta nasema kama walionilea:
manjano usiyatie peke yake,
yape pilipili manga, hayatembei bila mwenziwe.
Tangawizi kwa tumbo linalotaka kurudisha.
Karafuu kwenye jino, usiku ule daktari wa meno amelala.
Mvuje kwenye dengu,
la sivyo dengu zitakusemea mbele za watu.
Na uwatu —

"Uwatu mchungu," akanikatiza.
"Kusum aliuloweka usiku,
alfajiri akanywa maji yake, kwa ajili ya sukari.
Sukari ilishuka.
Moyo ndio uliokataa."

Kwenye foleni hakuna aliyekohoa tena.

Wiki iliyofuata alileta kopo bapa la mviringo,
ndani vikombe saba vidogo.
Vitano vitupu. Kimoja kina kijiko kilichonata.
Kimoja hakuweza kukifungua mbele yangu.
"Mimi nilivijua kwa mizani," akasema,
"yeye alivijua kwa vidole.
Nionyeshe."

Saa yangu ya chakula, chumba cha nyuma,
jiko la umeme la jicho moja, kanuni za ghala ukutani.
Mafuta yakapata moto, haradali ikaanza kuruka,
bizari nyembamba ikajitangaza hadi dirishani,
king'ora cha moshi kikalia kama mtoto aliyeonewa.
Bi Hargreaves, meneja, akatokea na daftari lake,
akafungua mdomo, akavuta pumzi,
akauliza kama kutabaki.

Sitasema viungo vilimponya.
Damu yake ilirudi kwenye namba zake
kwa sababu aliiacha ile chupa; hilo limo kwenye faili.
Kwenye faili hamna kwamba mkanda wake
umesogea tundu moja kwenda nje,
wala kwamba sasa ananigombeza:
"Chumvi, Saumu! Ulinisomea viungo vyote
ukaisahau chumvi."

Jioni, manjano yamebaki chini ya ukucha wangu,
sabuni ya kazini imeshindwa.
Nahesabu, vitano vitano,
na kidonge kimoja cheupe
kinapata alama ya kidole, rangi ya kiini cha yai.
Kanuni inasema kitupwe.
Nakitupa.
Si mara moja.