K Moja

Kumi la mwisho, saumu imenikausha ulimi,
nimesimama dukani kwa Mselem, Chake Chake,
natafuta sikukuu ya Shaame, mtoto wa kaka yangu.
Mwaka wa tano huu, keshaanza chuoni,
na kila kibao tunachokipita hunivuta buibui
aniulize kinasema nini.
Wenziwe watapewa mia mbili mbili
wakanunue ubuyu na bastola za maji.
Mie nataka kumpa maneno.

"Mchezo wa maneno ninao," akasema Mselem,
akakipangusa vumbi kisanduku kwa mkono wa kanzu.
"Thalathini elfu. Wewe, ishirini na nane.
Herufi mia, bibie. Mia kamili."
Nikamwomba anifungulie.

Nikavimwaga vigae juu ya kioo cha meza,
baina ya mizani na mafungu ya tende,
nikajaribu kuandika kuku.
K moja.
Nikatazama chini ya ubao, nikakikung'uta kifuko.
K moja.
Basi kuku hakamiliki humu,
wala kaka, wala kikombe,
na shokishoki litabaki nusu, halimenyeki.
Nikaandika: Bwana Shaame anataka chapati.
A zilikuwa tisa.
Zikaniishia katikati ya chapati.

Lakini Q ipo, imejipamba, pointi kumi,
na X, pointi nane,
kama wageni waliopewa viti vya mbele
kwenye harusi wasiyomjua bwana wala bibi.

"Zinazopungua mtazibuni," akasema Mselem.
"Mtoto wa miaka mitano hajui kuhesabu."

Huyu anajua.
Huyu hunihesabia, bila ya kuulizwa,
miezi tangu mama yake apande ndege
kwenda Maskati kulea watoto wa watu:
"Kumi na moja, shangazi. Na nusu."

Nikanunua tende ratili moja,
nikaomba na boksi tupu la biskuti.

Usiku, baada ya tarawehe,
makasi ya kushonea, kalamu ya wino mzito.
Sikukata herufi.
Nilikata kama mdomo unavyofunguka:
ba, ku, pa, sha, me, cha, ke.
Ka nilizikata saba. Kwa hasira.

Asubuhi ya Idi akaitikisa bahasha sikioni.
"Hamna shilingi humu."
Hamna, nikamwambia, kaa.
Nikamfunza kinyume, tulivyosemezana sisi pale Madungu
walimu wasitufahamu:
ya mwisho itie mbele.
Paka akawa kapa.
Meza ikawa zame.
Chake Chake ikawa Kecha Kecha,
akacheka hata tambi zikamwangukia kanzu mpya.
Aliposhika na, akashika zi,
akaipanga nazi na kutaka kuipindua,
bibi yake akamuwahi mkono.
"Hiyo usiigeuze."
"Kwa nini?"
"Basi tu."

Alasiri nyumba imetulia, sahani zimeoshwa,
nikamkuta ukumbini peke yake, kalala kifudifudi mkekani.
Mbele yake vigae viwili.
Ma. Ma.
Akaleta cha nyuma mbele,
akapeleka cha mbele nyuma,
akasoma kwa midomo, bila ya sauti.
Akarudia, polepole zaidi,
kama anayetaka kuvifumania.

"Shangazi, hili bovu. Haligeuki."

Haligeuki, nikasema.

Akanitazama kuona kama namtania.
Kisha akavitia mfukoni hivyo viwili,
vyengine akaviacha vimetawanyika,
akatoka mbio kuwafuata wenziwe kwenye mabembea.

Sikumdai.
Usiku ule nilikata ma nyengine mbili,
na mbili za akiba.