Hesabu ya Ruzizi

Kila Jumanne Zihalirwa huniletea chupa mbili:
moja ya pale ziwa linapomwagika kuwa mto,
moja ya chini, baada ya mashine za Mururu.
Vizibo huvifunga kwa meno. Nimemkataza mara ngapi.

Natia tone kwenye kioo, nahesabu.
Uzi wa kijani, mmoja.
Kisanduku cha kioo chenye kifuniko, viwili.
Kidudu cha jicho moja, mapembe yamekatika:
huyu alipita kwenye mapanga ya turbini.

Wakubwa wanataka wastani. Nawapa.
Lakini wastani haujawahi kumwona mwani
akiwa katikati ya kujigawa, kiuno kimebonyea,
nusu yeye, nusu ndugu yake,
maji yakamchukua kabla hajamaliza.

Anahitaji siku mbili, pengine tatu.
Mto wa mvua haumpi hata asubuhi.
Si kwamba unamuua. Unampeleka tu.
Labda atamalizia Kamanyola, akifika,
ila sambaza wa huku juu
watafungua midomo wakute maji matupu.

Kiangazi, mto unatembea kama mtu aliyetoka hospitali.
Nyuma ya ukuta maji yanatulia hadi yanaota rangi,
chupa zinakuja nzito kama mchuzi wa lengalenga,
na hapo ndipo umeme unakatika.
Leo giza la Kadutu, kesho la Nyawera.
Ukijaa, nina taa na kioo kitupu.
Ukipungua, kioo kimejaa na taa hakuna.

Mama Nabintu, anayeuza sambaza Muhanzi,
hajawahi kusikia neno planktoni.
Anapima kwa kikopo kilichobonyea, anasema:
«Mvua ya juzi ilikuwa na haraka.
Wiki hii kikopo hakijai.»
Nimeandika hayo pembeni mwa daftari,
mahali ambapo wakubwa hawasomi.

Leo umeme hakuna tena.
Nimefungua kioo cha pikipiki ya Zihalirwa,
nikakiegemeza dirishani, jua likapanda ndani ya darubini,
na katikati ya mwanga, huyo hapo:
kiuno kimebonyea.

Chini, Ruzizi inanguruma na mzigo wake.
Zihalirwa, kalamu mkononi: «Wangapi?»

Bado mmoja, namwambia.
Ngoja kwanza. Usiandike.