Hesabu ya Kurudi

Naanza na saa tisa alasiri,
saa ambayo meli itavuta ngazi yake huko nje ya Mkoani
isimngoje mtu.
Kutoka hapo nahesabu kinyumenyume,
kama anayefumua mkeka
ajue ulianzwa wapi.

Saa nane na nusu: wageni wangu sita wawe wamekwisha panda,
nywele bado mbichi.
Saa nane: tuwe gatini.
Saa saba: tung'oe nanga Misali.
Na bahari je, imeulizwa?

Mwezi kesho ni kumi na tano. Bamvua.
Maji yatakupwa hadi saa nne asubuhi,
yatasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichokijia,
kisha yataanza kurudi,
na yakirudi pale kwenye ukingo wa mwamba hayana adabu.
Nimewahi kumwona mtu mzima ameshika jiwe kwa vidole viwili,
mapovu yake yakienda ubavuni
badala ya kwenda juu.

Kwa hiyo saa nne, wala si na robo.
Mita kumi na nane, dakika arubaini.

Nyuma ya nyumba Faki anajaza mitungi.
Kompresa inakohoa; mbuzi wa jirani wamekwisha izoea.
Mitungi kumi na miwili, maana wamelipia mbizi mbili.

Mimi niko na fomu zao na penseli.
Henrik: kilo mia na kumi.
Huyu hewa ataila kama futari. Mtungi mkubwa.
Dakta Sunanda: masikio mazima, moyo mzima,
anaomba kuonyeshwa kasa.
Pembeni nimeandika: kasa hana miadi.
Maharusi wawili wamejaza fomu moja.
Nitawapa kila mtu yake;
chini kule pumzi haina ndoa.
Wa tano hakuandika kitu ila saini.
Na bibi Odile, miaka sitini na minane,
palipoulizwa alizamia lini mara ya mwisho
ameandika: na marehemu mume wangu.
Palitakiwa tarehe.
Nimemweka awe mwenzangu.

Mstari wa mwisho kwenye ubao naupigia mistari miwili:
mita tano, dakika tatu, hapandi mtu.
Wageni hudhani ni wakati wa kupigana picha.

Ami yangu Shaame alizamia majongoo
kwa mpira wa kompresa, meno yameuma, miwani inavuja.
Siku hiyo mafuta yaliisha,
na aliyekuwa juu akauvuta mpira kwa pupa
kama anayechota maji kisimani.
Wema kabisa. Hofu kabisa.
Hakuna aliyewaambia habari za dakika tatu.
Leo mguu wa kushoto wa Ami huandika mchangani
herufi moja tu,
kutoka duka lake la vocha hadi msikitini,
na mvua ikiifuta huiandika tena.

Naitazama mbizi ya pili. Saa sita.
Maji yatakuwa mbioni.
Naisogeza mbele: meli inanikatalia.
Naisogeza nyuma: damu yao haijapumzika.
Basi natia mate kidoleni, nafuta.

Watanung'unika. Henrik atanionyesha risiti.
Nusu ya fedha nitairudisha,
na bati la jikoni litangoja mwezi mwingine, livuje.

"Sasa mitungi sita hii?" Faki anauliza mlangoni.
Iache. Hewa ya mtungini haichachi.
Ila mmoja utafutie kamba,
tuuning'inize chini ya boti, mita tano,
usiwe wa mtu,
uwe pale tu, kwa atakayefika hapo na geji imelala.

Faki hupenda kila mtungi uwe na jina.
Akauliza huu aandike nani.
Nikamwambia Shaame.
Akaandika kwa chaki, akasahau a moja,
nami sikumsahihisha.